Gitaa la Dundori, sauti ya Kisauni: wimbo ni wa nani?

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 bado haujafika, lakini nyimbo zake zimeshaanza kuagizwa. Keti barazani popote, Mombasa, Malindi au Lamu, utasikia kwamba fulani anatafuta wimbo na fulani ameshatengenezewa wake. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2002 wimbo "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ulibebwa na kampeni ya NARC hadi watu wengi wakasahau kwamba haukutungwa kwa ajili ya NARC.

Kilichobadilika tangu hapo ni mahali nyimbo zinapotengenezewa. Zamani msanii alilipa studio kwa saa, na kama hana pesa alingoja mfadhili. Leo anayetaka wimbo humpigia simu kijana aliye chumbani kwake, na kabla ya wiki kwisha wimbo unazunguka kwenye simu za watu. Mabadiliko haya yana kheri nyingi. Lakini yamekuja na swali ambalo vijana wetu hawajakaa kulijibu, na msimu wa siasa utawalazimisha kulijibu kwa pupa: wimbo uliopigwa gitaa mahali pamoja, ukaimbwa mahali pengine, ukaunganishwa kwenye kompyuta ya mtu wa tatu, ni mali ya nani?

Mfano ninaoujua kwa karibu hautoki pwani. Unatoka Dundori, kaunti ya Nakuru.

Kwa asiyepajua, ukitokea Nairobi na kufika Lanet, kabla ya kuingia Nakuru mjini, unaiacha barabara kuu na kupanda kulia kuelekea Ol Kalou. Ni nchi ya juu na ya baridi, nchi ya viazi, kabeji na karoti, yenye msitu unaobeba jina hilo hilo. Kiutawala Dundori ni wadi katika eneo bunge la Bahati, na mpaka wa Nyandarua hauko mbali. Mpwa wangu, mzaliwa wa Kisauni, anafundisha shule huko. Jirani yake ni mzee mkulima wa viazi ambaye kwa miaka mingi amepiga gitaa kwenye harusi na sherehe kwa mtindo wa mugithi. Huenda msomaji umewahi kuuona: mtu mmoja na gitaa lake, na wachezaji wamejipanga mstari mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa, kwa maana mugithi kwa Kikuyu ni gari la moshi.

Mwalimu huyu ana kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, maikrofoni moja, hedifoni, na kisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani. Wenye fani hukiita intafesi ya sauti. Kazi yake ni kupokea sauti ya gitaa au ya maikrofoni, kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaelewa, kisha kuirudisha masikioni. Kuna programu za kurekodi, kama Audacity, ambazo hazilipiwi hata senti. Basi chumba cha mwalimu cha kupanga, chenye kitanda, meza na mablanketi mazito ya huko baridini, kimekuwa studio. Yale mablanketi hutundikwa ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Adui wao mkubwa ni paa la mabati. Mvua ya Dundori ikianza, kazi inasimama, maana hakuna maikrofoni inayoweza kuambiwa isiisikie.

Nieleze wanavyofanya, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Mzee hupiga gitaa la kwanza akiwa na hedifoni, akisikia mdundo wa kuhesabia. Hilo linahifadhiwa kama treki ya kwanza. Kisha anajisikiliza, na huku anajisikiliza anapiga gitaa la pili juu ya lile la kwanza. Hilo nalo linakaa peke yake kama treki ya pili. Siku ya kwanza alipojisikia akijibizana na mwenyewe alicheka mpaka akaweka gitaa chini. "Mwalimu," alisema, "miaka yote natafuta mtu wa kunipigia ya pili, kumbe ni mimi!"

Huku kupandisha sauti juu ya sauti si uvumbuzi wa jana. Mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alitoa mwaka 1948 wimbo aliojipigia magitaa yote mwenyewe, akirekodi tabaka juu ya tabaka, na miaka mitatu baadaye akafanya hivyo pamoja na sauti ya mkewe, Mary Ford. Wakati ule ilihitaji mitambo na ufundi wa mtu wa pekee. Sasa inahitaji subira na kisanduku cha mezani.

Subira inahitajika kwa sababu sauti haiingii na kutoka kwenye kompyuta kwa wakati ule ule. Kompyuta huikusanya kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kila sekunde, na fungu moja likiwa la sampuli 1,024, basi fungu hilo pekee linakula milisekunde 21 hivi. Ni sawa na kumsikiliza mwenzako aliyesimama mita saba kutoka ulipo, na hiyo ni njia ya kwenda tu. Mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hivyo atavuta wimbo nyuma bila kujua. Ukipunguza fungu hadi sampuli 128, kuchelewa kunashuka chini ya milisekunde tatu, lakini kompyuta kuukuu huanza kuhema na sauti kukatika. Dawa ya mwalimu ni kubonyeza kitufe kilichoko kwenye kisanduku chenyewe, kinachomwezesha mpigaji kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Mambo kama haya yeye alijifunza usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Magitaa mawili yakishakuwa tayari, mwalimu huyachanganya kuwa faili moja ya mwongozo na kuituma Kisauni. Huko kuna binti wa jirani yetu, mwenye sauti iliyolelewa kwenye qasida za Maulidi. Yeye naye ana kisanduku kama kile, cha kaka yake. Anausikiliza mwongozo kwenye hedifoni za kuziba masikio, ili gitaa lisivuje likaingia kwenye maikrofoni, na anaimba. Faili ya sauti yake, sauti tupu bila ala, inarudi Dundori. Wamekubaliana mambo mawili: kila faili ianze sekunde ile ile ya sifuri ili zikipangwa zilingane, na wote warekodi kwa sampuli 48,000. Mmoja akirekodi kwa 44,100 na programu ya mwenzake ikakosa kugeuza, sauti hupanda na kukimbia kwa kiasi cha asilimia tisa, na binti wa watu akasikika kama mtoto wa chekechea.

Wimbo wa kwanza waliomaliza hivyo una treki saba. Magitaa mawili ya mzee, besi aliyoipiga mwalimu, sauti kuu ya binti, sauti mbili za kuitikia za binti huyo huyo, na kayamba. Maneno ni ya binti na mwalimu. Sauti ya gitaa ni ya mzee, ameipiga tangu ujana wake. Dundori na Kisauni hawajawahi kukutana chumba kimoja.

Sasa tuirudie historia kidogo, tuone kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, kwa sababu mashine ilikuwa huko. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alipita Kapkatet, hapo hapo Bonde la Ufa, na gari lililobeba mitambo yake, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliotokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Rekodi ile ikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini, na ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo ikarudishwa kusikilizwa na wenyewe. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound jijini Nairobi ikatoa nyimbo zilizotikisa Afrika Mashariki, "Malaika" ya Fadhili William ikiwamo. Wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, na hadi leo watu wanabishana nani hasa aliyeutunga. Fadhili William alifariki mwaka 2001, mabishano yakabaki hai.

Hapa kwetu Mombasa tulikuwa na Assanand na lebo yake ya Mzuri, tukawa na Mbwana Radio Service na kanda zake za taarabu. Bila ya maduka yale, sauti za wakubwa wetu wengi zingezikwa nao, na wanastahiki shukrani zetu. Lakini katika hadithi zote hizi kuna jambo moja linalojirudia. Wapigaji na waimbaji walikusanyika mbele ya mashine ya mtu mwingine, sauti zao zikaingia pamoja, na mwenye mashine ndiye aliyebaki na kile kilichorekodiwa. Ukija ugomvi baadaye, nani alitunga, nani alipiga, nani alilipwa, ushahidi ulikuwa kumbukumbu za watu, na watu hufa.

Treki saba za Dundori ni kitu tofauti. Kila moja ni faili inayojitegemea, yenye tarehe yake, iliyotoka kwenye kompyuta inayojulikana. Sauti ya binti imekaa peke yake. Huwezi kusema haikuwa yake. Gitaa la mzee limekaa peke yake, na makosa yake, na pumzi yake kabla ya kuanza. Kwa mara ya kwanza katika muziki wetu, kazi yenyewe inaweza kutoa ushahidi wa nani alifanya nini. Naona ni neema ambayo vijana wengi wanaifuta kila siku. Wakishapata wimbo uliochanganywa, wanazitupa treki ili simu ipate nafasi, au wanaziacha kwa prodyusa mjini na hawaziulizii tena.

Lakini ushahidi wa nani alifanya nini hautoshi kusema mali ni ya nani. Hapo sheria ina lake la kusema, na wengi hawalijui.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatenganisha vitu viwili ambavyo mtaani tunaviita kwa jina moja, "wimbo". Kuna utunzi, yaani maneno na sauti yake, ambao hakimiliki yake huishi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kuna rekodi, ambayo hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mwenye rekodi kwa mujibu wa sheria ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Sheria haikusema mwenye sauti nzuri, wala haikusema mwenye kompyuta. Mpangaji. Wapigaji na waimbaji wana haki zao kama watumbuizaji, lakini hizo ni haki nyingine.

Halafu kuna kifungu cha 31, ambacho ningependa kila kijana mwenye kisanduku cha sauti akijue. Kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Isome tena polepole. Mkinyamaza, sheria haiwaachi mlipo. Inamhamishia aliyeagiza.

Na hapa ndipo siasa ilipobisha hodi Dundori.

Mjumbe wa mtu anayetaka kiti, nami sitamtaja wala kutaja kiti, aliusikia ule wimbo kwenye simu ya mtu. Akampigia mwalimu. Anautaka, lakini maneno ya ubeti wa pili na kiitikio yabadilishwe, liingie jina la mheshimiwa mtarajiwa. Atatoa shilingi elfu kumi na tano, nusu mbele kwa M-Pesa. Mwishoni akaongeza sharti moja kama vile si kitu: "Na mtutumie faili zote. Zile treki, si wimbo tu."

Mwalimu akanipigia. "Mjomba, wanataka treki. Za nini?"

Nikamwambia ayafikirie mwenyewe. Mwenye treki anaweza kuitoa sauti ya binti, akaitandika juu ya mdundo mwingine kabisa. Anaweza kulibakiza gitaa la mzee na kumweka mwimbaji mwingine. Anaweza kukata neno hapa na kulibandika pale. Nakuru ni kaunti iliyoonja uchungu wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na wenyeji wake wanajua neno linalotoka kwenye spika za gari la kampeni linaweza kufanya nini. Binti wa Kisauni hajawahi kufika Nakuru. Leo sauti yake ikisikika huko ikimsifu mtu asiyemjua, ni jambo moja. Kesho ikisikika katikati ya maneno asiyoyasema, atajitetea vipi, na kwa hati gani?

Na mzee je? Ile sauti ya gitaa si ya kuagizwa, aliitunga kabla mheshimiwa hajaota kiti. Lakini akipokea pesa, akarekodi upya kwa agizo, bila ya karatasi, siku akiipiga kwenye harusi ya jirani na mtu akamwambia ameuza, atamwonyesha nini?

Ni haki kumsikiliza na mwagizaji pia. Mtu anayelipa wimbo wa kampeni hataki ausikie mwezi ujao kwa mpinzani wake, jina limebadilishwa tu. Hilo ni ombi la haki. Lakini ombi hilo halihitaji kununua kila kitu. Linahitaji ruhusa ya matumizi yenye mipaka: utautumia wewe peke yako, kwa kampeni hii, mpaka siku ya kura, na baada ya hapo maneno yenye jina lako tunayaweka kabatini. Sheria inaruhusu hilo kwa uwazi. Inasema pia kwamba kuhamisha hakimiliki, au kutoa ruhusa ya mtu mmoja peke yake, hakuna nguvu mpaka kuandikwe na kutiwa saini. Kwa hivyo karatasi inamlinda mwagizaji kama inavyomlinda mpigaji.

Wako watakaosema kwamba kuandikiana ni kukosa kuaminiana, hasa baina ya watu waliokula sahani moja. Nawajibu kwa jambo tunalolijua sote. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, ni aya ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikuteremka kwa ajili ya maadui. Iliteremka kwa watu wanaoaminiana na wanaojua kwamba binadamu husahau. Na wahenga wetu wa pwani, waliokuwa wafanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine, walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako pia wasomaji ambao hawaoni kheri ya gitaa hata kidogo. Mjadala huo una wenyewe, na sitauingilia hapa. Ila wajue kwamba kisanduku kile kile ndicho kinachorekodi qasida za madrasa zetu, mawaidha ya masheikh na tenzi zinazosomwa na bibi zetu. Nimeona qasida ya watoto wa madrasa imepandishwa mtandaoni na mtu asiyehusika, na matangazo ya biashara yakipita mbele yake. Swali la nani mwenye rekodi halichagui ala.

Daftari lenyewe si kubwa. Kwa wimbo wa treki saba, ukurasa mmoja unatosha. Aandikwe aliyetunga maneno na aliyetunga sauti. Aandikwe kila aliyepiga na kuimba, na treki yake. Iandikwe kwamba mpangaji wa rekodi ni nani, au kwamba ni wote kwa pamoja, na kwa mafungu gani. Iandikwe nani atazipandisha nyimbo mtandaoni, kwa akaunti ya nani, na pesa zikija zitagawanywa vipi. Kila mmoja atie saini na tarehe, apigwe picha karatasi, na picha itumwe kwa wote. Hakuna wakili anayehitajika kwa hatua hiyo. Ni kazi ya dakika ishirini, na ifanywe kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, wakati bado hakuna pesa ya kugombania.

Treki ghafi zihifadhiwe mahali pawili au patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwa mwenzako wa mbali. Mkitumiana kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti, zisije zikabanwa zikapoteza ubora. Na kazi iandikishwe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa na kurekodiwa, hata bila ya kuandikishwa, lakini hati ya serikali ni shahidi asiyesahau.

Kwa nini nasisitiza watu wajiwekee wenyewe? Kwa sababu vyama vya kukusanya mirabaha vimekuwa kwenye mivutano mirefu. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima leseni MCSK, chama cha watunzi tulichokizoea, ikakipa chama kingine, MPAKE, na kesi zikafuata. Malumbano ya leseni hayakuishia hapo. Kwa upande wa nyimbo za miito ya simu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52 ya mapato. Ni hatua nzuri. Lakini asilimia 52 ya mapato itakwenda kwa yule aliyeandikishwa kuwa mwenye kazi. Kama jina lililoandikishwa ni la prodyusa, au la mjumbe wa mheshimiwa, sheria imemtajirisha huyo.

Kaunti zetu, Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, hupenda kuzungumzia vipaji vya vijana. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, nayo ina vijana wengi wa aina hii. Ningependa kuona kwamba popote panapotolewa mafunzo ya kurekodi, saa moja inatengwa kwa ukurasa ule wa makubaliano. Kijana anayejua kupunguza kuchelewa kwa sauti hadi milisekunde tatu hashindwi kuelewa kifungu cha 31. Hajaelezwa tu. Na wanasiasa wanaosema wanawapenda vijana waanze na wale wanaowaimbia: waandikiane nao, na walipe.

Sasa Dundori wamefikia wapi? Waliketi, binti akiwa kwenye simu, wakaandika ukurasa wao. Mafungu matatu yaliyo sawa. Kisha wakamjibu mjumbe kwa maandishi: maneno mapya watatunga, wimbo atapata, ruhusa ni mpaka siku ya kura, treki hazitoki. Binti aliongeza sharti lake, kwamba ayasikie maneno yote yatakayobandikwa karibu na sauti yake kabla hayajatoka, na akikataa, wimbo usitoke.

Mpaka naandika haya mjumbe hajajibu. Inawezekana asijibu kabisa, akatafuta chumba kingine ambako hawaulizi maswali. Mzee ameniambia wazi kwenye simu kwamba fungu lake lingemsaidia karo ya muhula huu, na bei ya viazi mwaka huu si ya kusimulia. Hakulalamika. Aliuliza tu kama nadhani jibu lao limekuwa kali mno.

Nilimwambia sidhani. Lakini najua ni karo ya mtoto wake, si ya wangu, na ndiyo maana nataka wenye visanduku vya sauti wote, kutoka Dundori mpaka Shela, wawe na ukurasa huo mmoja. Mjumbe akikuta kila mlango unauliza swali lile lile, hatakuwa na chumba kingine cha kukimbilia.